Chai ya Ua Nililolilinda

Nyusi ndizo zilizonichongea. Upara nilikuwa nimeuficha chini ya kofia ya sufu, nikamwambia mke wangu kwamba Doha ina baridi ya kushangaza, na Naliaka, ambaye hajawahi kufika huku, akakubali kuwa huenda kweli kuna baridi ya kofia ya sufu mwezi wa Mei. Lakini siku ile, katikati ya simu ya video, nilisogea dirishani ili anione vizuri. Nilitaka aone kwamba nimenawiri.

"Baba Sifa."

"Naam."

"Nyusi zako zimeenda wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nyuma yake nilimwona mama yangu akiinuka kwenye kochi na kuja kuikodolea macho simu kama mtu anayechungulia kisimani.

"Nimekuuliza. Nyusi zimeenda wapi?"

Hapo ndipo nikasema. Nilikuwa tayari nimetundikiwa dozi mbili za kemo, na nyumbani hawakujua hata kama nimewahi kupimwa. Naliaka alikata simu. Siku tatu hakupokea. Ya nne alipiga mwenyewe, akasema, "Ukifa huko bila kuniambia, nitakuja nikufufue nikuulize," kisha akalia, nami nikalia, na Isma, tunayeishi naye chumba kimoja, akatoka nje kutupisha.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye mahali nilipokuwa mimi mwezi ule: anaumwa mbali na kwao, anaficha, na ana sufuria. Hiyo sufuria nitaifikia.

Mimi si msomi. Shule niliiachia darasa la saba, na tangu hapo miguu yangu haijatulia. Nimevunja mawe, nimekata miwa, nimekuwa utingo wa lori la kwenda Lodwar, nimeuza miwani ya jua barabarani. Kila mahali nilisoma chochote kilicholetwa na upepo: gazeti lililofungia nyama, maelezo ya dawa ya kuoshea ng'ombe, maandishi madogo kwenye gunia la mbolea. Mama yangu husema nilizaliwa nikiuliza "kwa nini" na mkunga akakosa jibu. Miaka minne iliyopita miguu hiyo ilinileta Qatar, nikawa mlinzi. Naishi Al Mansoura, chumba cha watu sita, na zamu yangu ni ya mchana kwenye jengo moja la ghorofa kule The Pearl. Kibanda changu kinatazamana na kitalu cha maua kirefu kama basi.

Ugonjwa ulianza Februari, kwa kola. Niliona shati la kazi linanibana shingoni upande wa kushoto, nikadhani dobi amelifinyisha. Isma, ambaye ni Mganda wa Mbale na huendesha gari la familia moja, alinigusa shingo siku moja tukila.

"Wewe, umemeza yai?"

Lilikuwa gumu na haliumi. Nikapuuza. Usiku nikaanza kutoka jasho la kulowesha godoro wakati wenzangu wamejifunika blanketi. Nilipoenda kliniki walinituma hospitali, hospitali wakakata kipande cha lile yai, na wiki moja baadaye daktari akaniambia ni saratani ya tezi za limfu. Alisema inatibika. Neno hilo la pili nililisikia baadaye sana, nikiwa tayari nimeshuka ngazi, nimepita duka la maua, nimesimama kwenye maegesho nikitafuta gari ambalo sina.

Kemo yenyewe ingekuwa dozi sita, moja kila baada ya wiki tatu, damu ikiruhusu. Tangu hapo sikuhesabu miezi tena, nilihesabu dozi.

Dozi ya kwanza ilikuwa Aprili. Chumba cha kungojea kina baridi kuliko Kinangop, na namba zinaitwa kwenye skrini kwa Kiarabu na Kiingereza. Kulikuwa na mzee mmoja wa hapa Qatar aliyemleta mkewe. Alikuja na birika la kahawa na bakuli la tende, na kabla ya kuketi alipita kwa kila mtu. Dereva, mfagiaji, mhandisi, mlinzi. "Tafaddal, tafaddal," yaani karibu. Siku ile sikuwa nimeweza kumeza kitu tangu asubuhi. Tende tatu za mzee yule ndizo nilizoingia nazo.

Nesi wangu alikuwa Mkenya, Sista Mwende, mtu wa Machakos. Alipoanza kutundika vifuko vya dawa, mimi nikaanza kazi yangu.

"Hii nyekundu inatoka wapi?"

"Kwa vijidudu vya udongoni."

"Na hii nyeupe?"

"Wafula, umekuja kutibiwa au kufanya ukaguzi?" Lakini alijibu. "Hii ndogo ilipatikana kwenye ua. Unalijua. Lile la pinki lenye petali tano na kijicho katikati, linapandwa kwa raundiabauti zote hapa kwa sababu haliogopi jua."

Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwacha Bahadur, mtunza bustani kutoka Nepal, akipanda ua hilo kwenye kitalu kilicho mbele ya kibanda changu. Hata nyumbani kwetu Kitale liko, kando ya mfereji. Utotoni tulikuwa tukibandika petali zake kwenye kucha na kujifanya mabibi wa mjini.

"Lile ninalolilinda?"

"Basi lilinde vizuri," Mwende akasema.

Huwezi kujua furaha niliyokuwa nayo. Mtu mwingine angefurahi kuambiwa atapona. Mimi nilifurahi kuambiwa dawa ina kwao. Nililala na simu usiku huo nikisoma kuhusu ua hilo mpaka macho yakavimba. Na dawa ilifanya kazi. Baada ya dozi ya pili, yai lilikuwa limebaki haragwe.

Lakini mwili ulilipa. Nywele zilitoka kwa konzi, kisha nyusi, mnajua hiyo habari. Taya ziliuma kama nimetafuna kamba. Mkojo ulitoka mwekundu siku ya dawa nyekundu nikapiga kelele chooni mpaka Isma akavunja komeo. Kisha vidole. Ncha za vidole zilianza kufa ganzi, kama nimevaa glavu nyembamba ambayo siwezi kuivua. Vifungo vya shati vikanishinda. Kila asubuhi Isma alinisimamisha mlangoni akanifunga kifungo kimoja kimoja.

"Simama wima, bibi harusi."

"Fanya haraka, basi la kazi linaondoka."

"Bwana harusi atangoja. Leo umependeza, banange, jamani, hata nyusi huna za kukuharibia uso."

Msimamizi wangu alinitoa getini akaniweka kwenye kiti ndani ya kibanda, penye kiyoyozi, bila kuambiwa na mtu. Ilikuwa Juni. Nje kulikuwa kukiwaka. Bahadur alimwagilia kabla jua halijachomoza, na maua yale yalizidi kung'aa kadiri joto lilivyozidi.

Basi, sufuria.

Siku ya dozi ya tatu nilifika nimeoga, nimevaa, Isma amenifunga vifungo. Wakanitoa damu. Baada ya saa mbili Mwende akaja bila vifuko.

"Leo hapana. Chembe nyeupe za damu zimeshuka sana. Rudi nyumbani, kula, pumzika, uje wiki ijayo."

"Na uvimbe utangoja?"

"Wiki moja tu, Wafula. Hutokea kwa wengi."

Kwa wengi, sawa. Lakini mimi nilikaa kwenye basi nikijishika shingo. Nilijishika tulipopita Msheireb, nikajishika Al Mansoura, nikajishika kitandani. Kufika asubuhi nilikuwa na hakika kwamba haragwe limeanza kurudi kuwa yai. Nikaenda kazini, nikaketi, nikainua macho, na mbele yangu kulikuwa na kitalu kizima cha dawa.

Mimi nimelelewa na mama anayechemsha. Tumbo, anachemsha. Malaria, anachemsha. Mwarobaini, pakanga, mizizi ambayo hana jina lake ila anajua mti wake. Kwetu dawa na mti ni kitu kimoja, na anayeujua mti hangoji dirisha la hospitali lifunguliwe. Tena mimi nilikuwa na kitu ambacho mama hakuwa nacho: nesi mwenye shahada aliyenithibitishia. Nikaona nimeunganisha pande mbili za dunia.

Mwisho wa zamu nilijaza kopo la chakula majani. Jikoni kwetu niliyachemsha kwenye sufuria, Isma akanusa.

"Hiyo ni sukuma gani?"

"Ni dawa."

"Ya nani?"

"Ya hospitali. Ila hii imetoka moja kwa moja shambani."

"Mlinzi umeiba bustani," akasema Isma. Kisha akanitazama uso, akaacha mzaha. "Daktari anajua?"

"Daktari ndiye anayeitumia."

Halikuwa jibu, na sote wawili tulijua. Ilikuwa chungu hadi masikioni. Nilikunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, siku tano. Siku ya pili nilihisi kizunguzungu, nikasema dawa inatafuta ugonjwa. Siku ya tatu nilitapika, nikasema ugonjwa unatoka. Siku ya nne tumbo lilifunga kabisa, gumu kama ngoma, na ganzi ikapanda kutoka ncha za vidole mpaka viganjani. Siku ya tano nilianguka ndani ya kibanda, na Bahadur ndiye aliyenikuta, akanimwagia maji ya mpira wa bustani kama mmojawapo wa miche yake.

Niliporudi kwa ile dozi ya tatu, damu ilikuwa mbaya kuliko wiki iliyotangulia. Safari hii alikuja daktari mwenyewe, akaketi, na daktari akiketi ujue kuna neno. Alinigonga magoti kwa nyundo ndogo, akanifinya vidole, akaminya tumbo. Akazungumza na Mwende kwa Kiingereza cha haraka, lakini mimi Kiingereza cha haraka nimekisikia sana getini. Alikuwa anasema mwili wangu hauhimili ile dawa ya ua. Mishipa ya fahamu inaharibika mno, tumbo nalo. Ataiondoa kabisa kwenye matibabu, na huenda akabadilisha mpango wote.

Nilimtazama akiandika. Dawa iliyokuwa imeyeyusha yai langu ilikuwa inafukuzwa kazi kwa kosa langu mimi. Na kusema niliogopa. Niliogopa wataniandika kuwa mgonjwa mkaidi, niliogopa kampuni itajua nachuma bustani ya wenyewe, niliogopa kurudishwa nyumbani na matibabu nusu. Daktari akainuka. Akafika mlangoni.

"Sista, ngoja," nikasema. "Mwambie angoje. Kuna kitu nimekunywa."

Mwende akanigeukia. "Pombe?"

"Afadhali ingekuwa pombe."

"Wafula. Kitu gani?"

"Lile ua."

Daktari akauliza nimesema nini, Mwende akamwinulia mkono angoje.

"Ulichemsha ua?"

"Majani. Ua lenyewe nilitupa."

"Ulitupa ua!" Mwende akajishika kiuno. "Bwana mkemia! Ukaona ua halifai, jani ndilo lenye nguvu!" Macho yake yalikuwa na machozi, na sikujua kama ni ya hasira au ya kicheko. "Mimi ndiye niliyekuambia. Mdomo wangu huu. Siku ngapi?"

"Tano."

Walimwita mfamasia, mama wa Kisudani, Daktari Samia, mwenye sauti ndogo na miwani iliyofungwa kwa kamba. Nilitarajia kufokewa. Aliuliza maswali. Majani mabichi au makavu? Mangapi? Maji kiasi gani? Yalichemka kwa muda gani? Kwa Kiarabu changu cha getini, Mwende akijazia, sikuweza kujibu hata moja sawasawa. "Konzi mbili hivi." "Mpaka yabadilike rangi." Aliandika kila neno, hata "hivi".

Kisha akaleta kichupa. Ndani mlikuwa na maji meupe ambayo hayangejaza kijiko cha chai.

"Dawa iliyomo humu," alisema, "ikikaushwa ni vumbi dogo; ukipiga chafya inapotea. Kupata kijiko kimoja cha vumbi hilo hutumika majani ya kujaza lori."

"Na hayo mengine yote yaliyomo kwenye jani?" nikauliza. Sikuweza kujizuia. Mwende alitazama dari.

Daktari Samia akatabasamu mara ya kwanza. Akanihesabia kwa vidole: kuna kinachoshusha sukari, kuna kinachoshusha presha, kuna binamu yake dawa hii ambaye naye ni dawa, ila huyo huishambulia damu. Na kuna vingine vingi ambavyo hata yeye havijui. "Jani halijui unaumwa nini. Linakuletea vyote, na halipimi. Damu yako ilikuwa chini; wewe ukaisukuma chini zaidi." Akafikiri kidogo. "Na anayeitunza bustani hiyo, ananyunyizia nini?"

Nilikuwa nimeisahau kabisa pampu ya Bahadur. Kila Jumapili, mgongoni, kitambaa puani. Dawa ya wadudu. Nilikuwa nimekaa nikimtazama kupitia kioo cha kibanda.

Daktari wangu, alipojua kosa ni la chai, alifuta alichoandika. Aliniweka wodini siku kumi, maji mkononi, chakula cha hospitali, damu kila asubuhi. Asubuhi ya kumi Mwende alikuja na karatasi ya majibu akiipunga kama tiketi. Dozi ya tatu niliipata, dawa ya ua kwanza kwa kipimo kidogo, kisha kutoka dozi ya nne kipimo chote. Hakuna aliyenipeleka popote kwa kuchuma majani. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba kila nilipofika, kabla ya salamu, Daktari Samia aliuliza swali moja kwenye dirisha la dawa: "Unakunywa nini nyumbani?" Nami nikajibu, chai ya maziwa, maji, supu ya Isma.

Mwezi wa Agosti kifurushi cha mama kikafika, kimebebwa na kijana wa Kitale aliyekuja kuanza kazi. Mwarobaini uliosagwa, kwenye chupa ya kahawa. Nilikipeleka dirishani kikiwa kimefungwa vile vile. Daktari Samia akasema hapana kwa sasa, akaandika karatasi, akaibandika. Jioni mama akapiga.

"Umekunywa?"

"Sijakunywa, mama. Nimeipeleka hospitali."

"Umempelekea Mwarabu dawa yangu aikague?"

"Nimempelekea. Amesema ningoje hadi nimalize matibabu, kisha nimuulize tena. Ameiandika jina: mwarobaini, wa Mama Wafula."

Nilisikia kuku wa nyumbani.

"Ameandika jina langu?"

"Kwa herufi kubwa."

"Basi mwambie," mama akasema, na sauti ilikuwa imelainika, "mwambie majani ni ya upande jua linakochomoza. Aandike na hiyo."

Nilimwambia. Aliandika.

Dozi ya nne, unyevu wa Agosti, miwani inapata ukungu ukitoka mlangoni. Baada yake wakanipiga picha ile kubwa ya mwili mzima, na daktari akaketi tena, nikajua nimekwisha, kumbe alikuwa amechoka tu: uvimbe hauonekani. Dozi ya tano, Septemba. Naliaka alibaki kwenye simu saa nne nzima, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, yeye akichambua maharagwe na kunisimulia nani kamwacha nani. Dozi ya sita ikaangukia Oktoba, na mzee wa tende alikuwepo peke yake safari hiyo, bila mkewe. Sikuuliza. Alipita kwa kila mtu vile vile.

Novemba hewa ilipoa. Nilikuwa kibandani siku Bahadur alipokuja na toroli kung'oa kitalu chote, kwa sababu ua lile ni la kiangazi na sasa wanapanda la majira ya baridi. Nilitoka nikamsaidia. Alicheka, akaniambia kwa mchanganyiko wetu, "Kul mafi, my friend, no eat." Nilishika shina la kwanza, nikavuta, na nikahisi. Si sana. Ukwaruzo wa gome na ubaridi wa udongo, kwenye ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Nikavuta la pili kuhakikisha. Vidole vya miguu bado vina ganzi mpaka leo ninapoandika, na huenda vikabaki hivyo, lakini asubuhi iliyofuata Isma alipokuja mlangoni alinikuta nimeshafunga vifungo vitatu kutoka chini. Alikunja mikono akangoja. Cha shingoni kilichukua dakika nzima.

"Khalas, imekwisha," akasema. "Sasa mimi ni mjane."

Majuzi nilikwenda kupimwa, na damu ni safi. Nilikuwa nangoja karatasi yangu pale penye baridi ya Kinangop, nikaona dada mmoja ameketi safu ya wanawake, mkabala nami. Mganda, anafanya kazi nyumba moja huko Muaither, ndivyo alivyoniambia baadaye. Kitambaa kichwani, nyusi zimekwisha. Chini ya kiti chake kulikuwa na chupa ya chai, na kila akidhani hatuoni, aliinama akamimina kidogo kwenye kifuniko, akanywa akikunja uso. Chai ya maziwa haikunjiwi uso.

"Dada, samahani. Kwenye chupa kuna nini?"

"Maji ya moto, ssebo," akanijibu kwa heshima.

"Mimi pia nilikuwa na maji ya moto."

Akanitazama. Nikamwonyesha vidole vyangu, nikamweleza kwa kifupi: kitalu, sufuria, siku tano, Bahadur na mpira wa maji. Alicheka hapo kwa Bahadur, akaziba mdomo. Kisha akaacha kucheka, akaivuta chupa miguuni kwake.

"Wataniandika? Madamu wangu atajua?"

"Mimi hakuna aliyenishtaki popote."

"Niimwage?"

"Usiimwage. Wakiiona ndiyo watajua umekunywa nini. Unaona lile dirisha? Kuna mama mwenye miwani ya kamba. Atakuuliza swali moja, hata salamu hakupi. Mjibu kama ilivyo."

Namba yangu ikaitwa. Nilipotoka na karatasi yangu, kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa amesimama dirishani, chupa imefunguliwa juu ya kaunta, na Daktari Samia ameinamisha pua juu yake, kalamu mkononi, akiuliza majani yalikuwa mangapi.